Ukingo wa bahari wa Amu ujengwe upya, lakini kazi ianzie wapi?

Hoja ya kuujenga upya ukingo wa bahari wa mji wa kale wa Lamu, au Amu kama wenyeji tunavyouita, haijawahi kupoa. Wako wanaosema ukuta umechoka, mifereji inanuka, kivuli hakuna, na mji uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa urithi wa dunia haustahili kupokea wageni kwenye uchafu. Wako pia wanaosema tuacheni na pwani yetu, kwa sababu kila palipotengenezwa kwa ajili ya mgeni, mwenyeji aliishia kupatazama kwa mbali. Mimi niko upande wa kujenga. Ila naogopa kazi ikianzia mahali pasipofaa, wenye hofu ndio watakaokuwa wamesema kweli.

Kwanza tuondoe dhana moja inayotumiwa sana na wapinzani, kwamba ukingo huu ni wa tangu na tangu na haujaguswa. Ngome ya Amu ilipoanza kujengwa baada ya vita vya Shela, kijiji jirani kisiwani humu, karibu mwaka 1813, ilikuwa kando ya maji kabisa. Leo mtu akitoka langoni mwake hupita uwanja wa Mkunguni, kisha safu ya majengo, ndipo afike baharini. Ardhi hiyo yote ya katikati ilijazwa na watu. Waamu walimwaga kifusi na takataka, wakapiga ukuta, wakajenga juu yake majumba yenye varanda na matao yanayoitazama bahari, tofauti kabisa na nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani zilizojifungia ndani ya kuta nene. Kwa hiyo uso wa Amu unaopigwa picha duniani kote ni kazi ya ujenzi mpya wa karne ya kumi na tisa. Waliokuwa hai wakati ule waliijenga pwani yao kulingana na biashara yao, na hakuna aliyewaambia wamekosea. Haki hiyo tunayo na sisi.

Lakini tazama walijenga kwa ajili ya nini. Walijenga bandari, na mpaka leo ukingo ule ni bandari. Amu ni kisiwa, na hakuna tofali, gunia la sukari, mtungi wa gesi wala godoro linaloingia mjini bila kupitia baharini. Jahazi hufunga ukutani, wachukuzi hushusha saruji na mchanga, punda hupangwa foleni na kuingia vichochoroni ambamo hata mkokoteni hupita kwa taabu. Mgonjwa anayepelekwa bara hupitia pale pale. Mwanafunzi, karani wa kaunti, mama anayevuka kwenda Mokowe, upande wa bara, kupanda basi, wote ni pale. Samaki wa mtaa wa Langoni huuzwa pale. Maji yakijaa kazi hushika kasi, yakipwa vyombo hukaa juu ya matope na watu hupumzika. Nimeona michoro mingi ya pwani za kisasa, si ya Amu peke yake, na karibu yote ina mitende, viti, taa na watu wanaotembea mikono mitupu. Katika michoro hiyo sioni mahali pa kushushia mchanga.

Hapo ndipo ugomvi wote ulipo kwangu. Ukitengeneza matembezi mazuri ya mawe ya kupanga halafu ukakataza upakuaji mbele ya mji, shehena haitatoweka. Itasukumwa mwisho wa mji, punda atakwenda safari ndefu zaidi, mchukuzi atadai zaidi, na anayejenga choo cha nyumba yake kule nyuma atalipa tofauti hiyo.

Watetezi wa mradi nao wana hoja nzito, na si haki kuipuuza. Uchumi wa Amu umepigwa mara nyingi kwa muda mfupi. Mwaka 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda, mwaka 2014 kukatokea mashambulizi ya Mpeketoni, ikafuata amri ya kutotoka nje usiku iliyowabana hata wavuvi wanaotegemea giza, kisha korona ikafunga mlango uliobaki. Leo barabara ya lami ya kilomita 135 kutoka Garsen kupitia Witu imefanya safari ya kufika Mokowe kuwa nyepesi. Bandari mpya ya Manda Bay ina gati tatu tayari, na la kwanza ilifunguliwa Mei 2021. Wageni wakija, wa ndani hasa, Amu itawapokea na nini? Kijana aliyemaliza shule anaona chaguo mbili, kupiga kasia au kupanda basi kwenda Mombasa, na wengi huchagua basi. Mji ambao vijana wake wanauhama unazeeka kwa namna ambayo chokaa mpya ukutani haiwezi kuuponya.

Na kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Ndani ya mji mkongwe hakuna uwazi. Ukiondoa Mkunguni, ukingo wa bahari ndio sebule ya watu wote isiyo na kiingilio. Usiku wa Ramadhani, Idi, na zaidi siku za Maulidi katika Mfungo Sita, wakati wageni wa msikiti wa Riyadha wanapofika kutoka pande zote za pwani, watu humiminika pale kwa wingi. Familia inayoishi vyumba viwili Langoni inahitaji mahali penye taa, penye usalama, pa watoto kukimbia bila kukoswakoswa na pikipiki. Kuboresha mahali hapo ni haki ya mwenyeji kabla ya kuwa starehe ya mtalii.

Mifano ya jirani inafundisha, ingawa hakuna hata mmoja unaotutosha. Mombasa ilitengeneza upya Mama Ngina mwaka 2019 kwa takriban shilingi milioni 460, na watu wanaitumia. Ila Mama Ngina ilikuwa bustani ya kupumzikia tangu hapo, hapakuwa na jahazi la kuhamishwa. Forodhani ya Unguja, iliyokarabatiwa na shirika la utamaduni la Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009, inatukaribia zaidi: ukuta wa bahari ulitengenezwa na wauza vyakula wakarudi. Hata hivyo, hatua chache kutoka bustani ile, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jumba la kale la Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa katikati ya ukarabati na kuua watu wawili. Bustani ya mbele ilikuwa imependeza kwa zaidi ya miaka kumi, na jengo la nyuma yake lilikuwa mahututi. Majumba ya ukingoni Amu yana boriti za mikoko zilizooza na dari zinazoshuka. Fedha zikiishia kwenye mawe ya kutembelea, tutakuwa tunawapa watu viti vya kukalia wakitazama kuta zikianguka.

Mfano wa tatu ni wa mbali na unapaswa kuwatisha wanasiasa wanaopenda majengo marefu. Liverpool, Uingereza, iliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004 kwa sababu ya bandari yake ya kale. Julai 2021 iliondolewa, na sababu kubwa ilikuwa ujenzi mpya wa ukingo wake wa maji. Liverpool ni jiji kubwa lenye vyanzo vingine vya kipato. Amu haina jina jingine la kuuza, na eneo lake lililosajiliwa ni kama hekta 16 tu. Ghorofa mbili au tatu zisizofuata kimo cha mji zinatosha kuharibu sura yote.

Hofu ya wapinzani inayonigusa zaidi, lakini, inahusu nani atabaki baada ya mawe kupangwa. Shela inatuonyesha. Nyumba zilinunuliwa moja moja na wenye fedha kutoka nje, zikakarabatiwa vizuri, tena vizuri mno, na nyingi hufungwa sehemu kubwa ya mwaka. Ukingo wa Amu ukipendeza, kodi ya pango itapanda, na wa kwanza kuondoka atakuwa muuza maharagwe na mahamri, fundi wa injini za boti na duka la nyavu. Mpango wowote usiosema bayana nafasi zao ziko wapi, kwa kodi gani na kwa miaka mingapi, mimi nisingeuunga mkono hata uwe na michoro mizuri namna gani.

Watu wa Lamu wana sababu ya kudai maandishi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba mradi wa bandari ile mpya ya Manda Bay uliendeshwa bila kuwashirikisha wananchi ipasavyo, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76. Juni 2019 baraza la taifa la rufaa za mazingira likafuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, na udhaifu wa kuwashirikisha wananchi ulikuwa miongoni mwa sababu. Baada ya kesi mbili kama hizo, anayemwita mvuvi anayeuliza maswali kuwa adui wa maendeleo hajasoma hukumu.

Basi kazi ianzie chini ya ardhi. Mifereji ya mji mkongwe inamwaga maji machafu baharini mbele ya gati, na bamvua, yaani maji makuu ya kujaa, likija bahari huyarudisha. Kuweka taa juu ya hali hiyo ni kupamba ugonjwa. Halafu kuna maji ya kunywa. Kisiwa kinategemea sana visima vya vilima vya mchanga vya Shela, ambako mvua huchujwa na kukaa juu ya maji ya chumvi. Vikivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda, na kuirudisha chini si kazi ya mwaka mmoja. Kila hoteli mpya ukingoni ina mabomba ya kuoga na nguo za kufua. Kabla ya kibali cha kitanda kimoja zaidi, ijulikane maji yake yatatoka wapi.

Ikishamalizika mifereji, ndipo ukuta na gati: ngazi za kushukia zinazofaa maji kupwa na kujaa, sehemu ya kupakua iliyotengwa na kulindwa kisheria palepale mbele ya mji, kivuli na maji kwa punda, meza safi za samaki na barafu. Viti na taa vije baadaye. Majumba ya ukingoni yapewe ruzuku ya kukarabatiwa kwa chokaa badala ya saruji inayofungia unyevu ndani ya mawe ya matumbawe. Kuhusu boriti, Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, lakini marufuku ya kukata miti ya mwaka 2018 ilionyesha jinsi ukarabati unavyoweza kukwama kwa kukosa mti wa dari. Mpango wa ukingo uhesabu mikoko itakayokatwa na itakayopandwa.

Na msimu uchaguliwe na watu wanaoijua bahari. Kusi inapovuma wavuvi wengi hushindwa kutoka nje ya miamba, wageni hupungua, na nyumba nyingi huishi kwa mkopo wa dukani. Hiyo ndiyo miezi ya kuchimba mifereji na kupiga ukuta, kwa mikono ya wavuvi wenyewe wakilipwa kwa wiki, chini ya mafundi wa Amu wanaojua kuchoma chokaa. Mkandarasi akija na vibarua wake kutoka mbali wakati wa kaskazi, gati likafungwa huku samaki wakiwa wengi na hoteli zimejaa, mradi utakuwa umewanyang'anya watu miezi yao ya mavuno.