Mgonjwa anataka kujua nani amefungua faili lake

Kila mradi wa kumbukumbu za afya za kielektroniki unapodorora, lawama humwangukia mgonjwa: hajasoma, hana simu janja, anaogopa teknolojia. Sikubaliani. Mama wa Kitanzania ametunza kumbukumbu za afya tangu zamani. Kadi ya kliniki ya mtoto, yenye tarehe za chanjo na mstari wa uzito, huihifadhi kwenye mfuko mmoja na cheti cha kuzaliwa. Mgonjwa wa sukari huenda zahanati na daftari la shule, daktari akaandika humo, naye akarudi nalo nyumbani. Adha za daftari anazijua vizuri kuliko sisi: linalowa, linapotea, na akipewa rufaa huandikiwa upya vipimo vilevile, kwa pesa yake. Mtu huyo hahitaji semina ya kumweleza faida ya mfumo.

Kinachomzuia ni macho ya watu. Wapo wanaoishi na VVU wanaopanda daladala kufuata kliniki ya mbali, na ya mtaani kwao ipo, ili jirani asiwaone kwenye foleni. Ukimwambia mtu kama huyo kuwa taarifa zake zitaingizwa kwenye mfumo, atakuuliza nani atazisoma. Ana haki ya kujibiwa. Halafu simu yenyewe mara nyingi si ya mtu mmoja: mume anaijua namba ya siri, watoto wanaichezea, wifi anaiazima. Mwanamke anayetumia uzazi wa mpango kwa siri hataki ujumbe wa kliniki uingie humo.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayozihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Naiunga mkono, ila aliyesimama mapokezi haioni. Estonia, nchi ya Ulaya ambako mfumo wa taifa wa kumbukumbu za afya ulianza 2008, mgonjwa huona mwenyewe nani alifungua kumbukumbu zake, na anaweza kuzifunga zisisomwe. Hilo ningelitaka litangulie hapa kabla ya mabango ya uhamasishaji. Limfikie hata mwenye kitochi, kwa kupiga namba ya menyu kama anavyotuma pesa, akitumia namba ya siri isiyo ya simu, na jibu lije pale tu anapoliomba. Na ambaye bado hataki, ahudumiwe na daftari lake bila kusemwa dirishani.