Mkono wa Biharusi Una Mwenyewe

Nilicheza mbele ya simu siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili shangazi yangu wa Wete, Pemba, akanipigia, na salamu hata hazijesha akauliza, "Mwanangu, u mzima? Naambiwa unarukaruka mitandaoni." Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeletewa habari kwamba mtoto wa kaka yake kapandwa na pepo.

Nilikuwa natekeleza mafunzo. Wiki mbili nyuma nilihudhuria semina ya wafanyabiashara wadogo hapa mjini Unguja, na mkufunzi, kijana mwenye ulimi mtamu, alituambia mpiga picha za harusi asiyeonyesha uso wake kila siku hana biashara. Tupige video fupi, tutie muziki unaovuma, tucheke na kamera, tuwaulize wafuasi maswali. Nikaandika yote daftarini. Mimi nikikuta dukani kuna watu wanne naondoka nikarudi baadaye, lakini kodi ya chumba cha kazi ilikuwa inadaiwa, nikasema labda hii haya ndiyo inayonimaliza.

Kwa siku zile kumi na moja nilipata wafuasi mia mbili na kitu. Wengi wanaume, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaoa.

Haya yangu ni sehemu tu ya tatizo. Kazi yangu kubwa iko nyuma ya milango iliyofungwa. Harusi zetu zina upande wa wanaume: ndoa inafungwa msikitini, bwana harusi na joho lake na kilemba, halua na kahawa. Hizo anapiga kijana yeyote mwenye kamera, na kabla kahawa haijapoa ameshazirusha. Upande wa wanawake mambo ni mengine. Biharusi kakaa juu ya jukwaa, nywele wazi, asumini zimeshuka mpaka mabegani, hina na piko vimepanda kupita viwiko. Harusi nyingine mlangoni anawekwa mama mmoja na kikapu, anakusanya simu. Fundi wa spika, akiwa mwanamme, anafunga vyombo vyake mapema na kuondoka. Ninayebaki ndani na kamera ni mimi.

Kwa hiyo ninachouza hasa ni ahadi kwamba picha hizi hazitaonekana. Namtaka yule mkufunzi aniambie kitu kama hicho kinatangazwaje kwa video fupi.

Niliwahi kujaribu kupita pembeni. Mwaka wangu wa pili kazini niliweka kwenye ukurasa wangu picha ya mkono mmoja tu wa biharusi, hina imekolea, bangili tatu za dhahabu, nyuma yake kitambaa cha kijani. Uso haumo, jina halimo. Nikajiona nimefanya ujanja mkubwa. Haikufika jioni mama yake akanipigia. "Mkono wa mwanangu naujua hata gizani," akasema, "na bangili zile alivaa bibi yake." Nikaifuta, nikaenda kuomba radhi kwa miguu yangu. Mama yule alinipokea vizuri, akanitilia chai, akanisamehe. Lakini harusi mbili za ukoo ule nilizokuwa nimeshaahidiwa zikaenda kwa mtu mwingine, na hakuna aliyenieleza sababu. Hakukuwa na haja. Sensa ya 2022 ilituhesabu Zanzibar nzima watu chini ya milioni mbili, na nnakwambia kwenye mambo ya harusi sote ni mtaa mmoja.

Baada ya hapo nilikaa muda mrefu bila kutangaza chochote. Kazi zilikuja mojamoja, kama matone ya bomba bovu.

Aliyenifungua macho ni somo mmoja, yaani kungwi anayemfunda biharusi, mwanamke wa makamo, ambaye nilimpiga picha bila kukusudia. Alikuwa anamfunga biharusi kanga kifuani, kainama, pini kaishika kwa meno, na mwanga wa dirishani umempata shavuni. Nikaisafisha picha ile, nikampelekea nyumbani, bure. Aliitazama kimya. Kisha akasema kwamba kwa miaka yote ameshika kazi ya usomo, kila albamu aliyowahi kuoneshwa ina mgongo wake tu. Mwaka ule harusi tano zilinijia kutoka kwake. Sikumwomba. Nisingeweza kumwomba, ulimi usingetoka.

Ndipo nikaanza kuhesabu ni nani hasa anayekaa na biharusi kabla ya mpiga picha kutafutwa. Somo yuko naye siku kadhaa. Mchora hina anakaa naye saa nne, tano, wamekamatana mikono, na mtu aliyekamatwa mikono hana la kufanya isipokuwa kuzungumza. Fundi wa nguo anajua tarehe kabla ya kadi kuchapwa. Mpambaji ndiye anayeulizwa, "Kwani nani anapiga vizuri na hana mdomo?" Hawa hawanifuati popote mtandaoni. Lakini nao wana kazi nzuri isiyoonekana, kama mimi, na picha naweza kuwapa. Mchora hina mmoja nimempigia michoro yake yote mipya kwenye mikono ya mpwa wangu (mpwa alidai sahani ya urojo kila mara, na alilipwa), sasa anayo ya kuwaonesha wateja wake bila kugusa siri ya mtu. Wapo wenzangu wanaowalipa wapambaji na kina somo fungu kwa kila harusi inayoletwa. Sitaki. Siku familia ikijua kwamba somo alinisifu kwa sababu alilipwa, tumeharibikiwa wote wawili, na familia hujua. Tumebishana sana juu ya hili na wenzangu, wananiona mshamba.

Kitu cha pili ni mkoba. Nina albamu moja nzito, yenye mabiharusi watatu walionipa ruhusa kwa maandishi, wao na mama zao. Haiendi kwenye simu, haikopeshwi. Nikiitwa nyumba ya mtu naiweka kwenye mkoba, naenda, nakaa mkekani na bibi na mama na mashangazi, nawafungulia kurasa. Mbele ya watu arobaini mimi ni bubu, lakini mbele ya wanawake watano na birika la chai ya viungo nazungumza mpaka najishangaa. Nasikiliza nani asipigwe picha, nani hazungumzi na nani, bibi gani hawezi kupanda jukwaani lazima nimfuate kitini. Nikitoka, kazi nimeipata au nimeikosa, na sikumchezea mtu.

La tatu nililiona kwa wazee. Barabara ya Kenyatta, Mji Mkongwe, ipo Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Ukiingia, kuta zimejaa Zanzibar ya rangi nyeusi na nyeupe. Ukuta ndio uliokuwa tangazo: unapita, unaona, unajua hapa wanapiga hivi. Mimi sina duka la barabarani, chumba changu kiko ghorofani juu ya muuza magodoro. Lakini kila nyumba ina ukuta. Kwa hiyo harusi yoyote ninayopiga inatoka na picha mbili kubwa ndani ya fremu. Ya kwanza ni ya sebuleni: biharusi kajisitiri, ukaya umeshuka vizuri, kakaa na mumewe, maana sebuleni wanaingia mashemeji na mafundi wa umeme. Ya pili ni ya chumbani, na hiyo ni yao. Bei ya fremu nimeitia humo humo ndani, simwulizi mteja kama anaitaka. Nyuma ya ile ya sebuleni naandika jina langu na namba kwa penseli. Mara ngapi nimepigiwa simu na mtu anayeniambia, "Nimeigeuza picha ya kwa wifi yangu."

Nisije nikaonekana nawabeza wenye sauti. Ninaye rafiki, mpiga picha pia, mwanamme, ambaye akipita Darajani na Vespa yake anasalimiwa kuanzia mwanzo wa soko hadi mwisho. Anaongea Kitaliano cha pwani, anajua jina la kila mlinzi wa hoteli kuanzia Kiwengwa mpaka Nungwi, na video zake zinachekesha kweli. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000, na katika hao wanaokuja kuoana ufukweni hawakosekani. Hao ndio wake. Wanataka mtu wa kuwachangamsha, na wanataka picha zionekane na dunia nzima. Kwake ile semina ilikuwa dawa. Angefuata njia yangu ya mkoba na mkeka angekufa kwa usingizi.

Niliwahi kumwiga huko ufukweni vilevile, nikashindwa. Nikiwachekesha wageni, mimi ndiye ninayechoka. Lakini wageni wenyewe sikuwaacha, nilitafuta mlango mwingine. Mimi napenda kuandika. Nikaandika ukurasa mmoja wa maelezo kwa maharusi wanaokuja kutoka nje, na ukurasa huo umeniletea wateja wengi kuliko uso wangu ulivyowahi kuleta.

Ndani yake hamna maajabu. Nimeeleza kwamba jua la kuzama baharini utalipata Nungwi na Kendwa, na ukifunga ndoa Paje au Jambiani jua litazama nyuma ya minazi, bahari ya machweo iko upande wa pili, ya kwako ni ya macheo. Kwamba huku tuko karibu na mstari wa ikweta, jua linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo mwaka mzima, na likishazama giza halisubiri hotuba ya baba wa biharusi. Na kwamba wasichague saa bila kuuliza maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, mnamo saa nne au saa tano za asubuhi bahari ya Paje imekwenda mbali kabisa, imebaki mchanga na vijiti vya mwani. Nimeona biharusi kashuka na gauni lake saa nne na nusu, kasimama, kauliza, "Bahari iko wapi?" Ilikuwa huko, na kinamama wa mwani walikuwa kazini, wakamwangalia kwa huruma. Siku hizo hizo mnamo saa kumi alasiri maji yamejaa mpaka karibu na ngazi za hoteli. Mvuvi yeyote anayajua haya, lakini hakuna aliyemwambia.

Sasa mtu akiniuliza tarehe, namwandikia: siku hiyo maji yatakuwa hivi, jua hivi, masika ya Machi mpaka Mei usiniulize. Wapangaji wa harusi mahotelini wanaupitisha ukurasa wangu kwa wateja wao kama wao ndio walioandika. Sijali. Jina langu liko chini.

Lakini kuna uongo mmoja niliojiambia miaka miwili, na nauona kwa wapiga picha wapole wengi. Nilikuwa sitaji bei. Mtu akiniuliza, nasema, "Tutaelewana tu." Nikidaiwa nipunguze, napunguza kabla hajamaliza sentensi. Salio la baada ya harusi sikuliuliza, nikajifariji kwamba mimi ni mtu wa staha. Hapo kulikuwa na woga tu, na woga huo ulimlipa kila mtu isipokuwa mimi. Nilichofanya ni kuuhamishia mdomo wangu kwenye karatasi. Nimechapa kadi yenye bei, yaliyomo, siku ya kukabidhi, na mstari unaosema tarehe haifungwi bila kishika uchumba. Naitoa mkobani, naiweka chini ya sahani ya kashata, naendelea na chai. Wanawake wanaisoma, wanaiacha izunguke, wanacheka hilo neno, na wanalipa. Mara moja tu bibi mmoja aliniambia, "Mjukuu wangu, wewe ndiye unayeposa, basi mahari utoe wewe." Nikampunguzia, kwa sababu alinishinda.

Nina msichana ananisaidia, ametoka skuli juzi. Yeye anapenda kamera imwangalie. Nimemwacha afungue ukurasa wake, kwa sharti la mkono: hakuna mkono wa mtu, hakuna bangili, hakuna hata pazia la nyumba ya mtu. Anajipiga mwenyewe akipanga lenzi, akichaji betri, akisimulia jinsi tulivyokwama njiani Konde na gurudumu limepasuka. Mabiharusi wa umri wake wanampigia. Shangazi wa Wete anamfuata, na eti anasema yeye ndiye anayejua kucheza.

Jana usiku nilipokea ujumbe wa sauti kutoka Pemba, somo nisiyemfahamu. Kanisalimia kwa kirefu, akaniulizia wazee wangu wote, waliohai na waliotangulia, ndipo akasema kuna harusi Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, wiki ya pili, na biharusi ameona picha sebuleni kwa mtu. Boti nishuke Mkoani, nitapokelewa. Mwisho akashusha sauti kidogo: "Na ule mkoba njoo nao. Ila usiufungue mbele ya shemeji zake."