Sukari ya Miezi Mitatu, Moyo wa Miaka Mingi

Mjomba wangu ana tabia ya kukunja karatasi ya majibu ya maabara mara nne na kuitia kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Mwaka mmoja karatasi hiyo ilisoma HbA1c 6.3, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili mitatu. Alikuwa ameanzia 9.4. Ana miaka 71, ameishi na kisukari zaidi ya miaka kumi na tano, na mshtuko wa moyo ulishampiga mara moja. Kila aliyeingia nyumbani alionyeshwa ile 6.3. Wiki mbili baadaye, saa tisa usiku, tulimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, fulana imelowa jasho chapachapa, ukimuuliza hili anajibu lile. Mashine ya kupimia kidoleni, inayosoma sukari ya wakati uleule, ilisoma 2.6: imeshuka mno. Kwa bahati alikuwa bado anaweza kumeza. Tulimnywesha maji ya sukari kidogo kidogo mpaka akatuita kwa majina yetu.

Tangu usiku ule swali moja halijanitoka: kuishusha sukari ya muda mrefu kunaulinda moyo kweli, au tunaifukuza namba huku moyo una shida zake nyingine? Madaktari wenyewe wamebishana juu ya hili kwa miongo, na kila upande umekuja na ushahidi mzito.

Chembe nyekundu ya damu huishi takribani siku 120. Siku zote hizo inasafiri ndani ya damu yenye sukari, na sukari inajibandika kwenye himoglobini iliyo ndani yake. Ikishashika, haibanduki mpaka chembe ife. HbA1c ni asilimia ya himoglobini iliyobandikwa hivyo. Ndiyo maana mtu hawezi kuikwepa kwa kujinyima chakula siku mbili kabla ya kipimo. Miezi miwili mitatu iliyopita tayari imeandikwa. Kuanzia 6.5 kipimo kinahesabiwa kuwa cha kisukari.

Kinachoipata himoglobini kinazipata pia protini za kuta za mishipa. Ukuta unakakamaa. Utando wa ndani, ambao kazi yake ni kuufanya mshipa ulegee na damu iteleze, unadhoofika, na lehemu inapata pa kupenya na kujikusanya. Haya yote hayaumi. Mtu anaweza kukaa miaka minane na sukari ya juu, analala vizuri, anafanya kazi zake, na mishipa ya moyo inazidi kuwa myembamba.

Wanaosisitiza namba wana pa kusimama. Nchini Uingereza, utafiti wa UKPDS ulioanza mwaka 1977 uliwafuatilia watu zaidi ya 5,000 waliokuwa ndiyo kwanza wamegunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya pili. Uchambuzi wake wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba kila HbA1c ilipokuwa chini kwa pointi moja, hatari ya mshtuko wa moyo nayo ilikuwa chini kwa asilimia 14. Mwaka 2010 watafiti wa ARIC, utafiti wa magonjwa ya moyo na mishipa nchini Marekani, walitoa matokeo ya watu zaidi ya 11,000 ambao hawakuwa na kisukari. Wale wa kati ya 6.0 na 6.5 walikuwa na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyozidi kwa karibu asilimia 80 ile ya watu wa kati ya 5.0 na 5.5. Kwa maneno mengine, hatari haingoji 6.5 ndipo ianze. Ambaye ameambiwa "bado hujafika kwenye kisukari" ana sababu ya kuchukua hatua leo.

Kama sukari ya juu inaua, basi ishushwe kabisa, iwe kama ya mtu mzima wa afya. Hoja hiyo ilipimwa kwa vitendo. Jaribio la ACCORD, Marekani na Kanada, liliwachukua watu 10,251 wenye wastani wa umri wa miaka 62 na takribani miaka kumi ya kuishi na kisukari, na zaidi ya theluthi moja walishapatwa na tatizo la moyo au mishipa. Nusu walitakiwa kushushwa chini ya 6.0, wengine waliachwa kati ya 7.0 na 7.9. Februari 2008 kushusha huko kwa nguvu kulisimamishwa kabla ya muda wake. Waliobanwa zaidi walikuwa wamekufa 257, wenzao 203.

Jaribio jingine la wakati huohuo, ADVANCE, lenye watu zaidi ya 11,000, halikuona vifo kuongezeka. Lakini nalo, pamoja na kuifikisha HbA1c kwenye 6.5, halikupunguza mishtuko ya moyo kwa kiasi cha kutegemewa. Kilichonufaika ni figo.

Upande wa pili, wa wasioiamini namba, ukapata silaha nyingine kwenye dawa. Dawa iitwayo rosiglitazone ilishusha sukari vizuri, kisha mwaka 2007 uchambuzi wa majaribio yake ukaibua hofu kwamba inaongeza mishtuko ya moyo. Mwaka 2015 dawa nyingine, empagliflozin, ikaonyesha kinyume chake. Kwa watu wenye kisukari na ugonjwa wa moyo ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 38, ilhali tofauti ya HbA1c kati ya makundi ilikuwa ndogo mno kuweza kueleza nafuu hiyo. Kwa hiyo dawa mbili zinaweza kuishusha namba ileile na kuufanyia moyo mambo tofauti kabisa.

Hapo wapo wanaohitimisha kwamba namba haina maana. Mimi siwafuati, na sababu yangu ni muda. Wale wa UKPDS walifuatiliwa tena miaka kumi baada ya jaribio kwisha. Tofauti ya sukari kati ya kundi lililodhibitiwa kwa nguvu na lile la matibabu ya kawaida ilitoweka ndani ya mwaka mmoja tu, lakini waliodhibitiwa vizuri tangu mwanzo walizidi kuwa na mishtuko ya moyo michache: pungufu kwa asilimia 15 kwa waliotumia insulini au vidonge vya sulfonylurea, na 33 kwa wenye uzito mkubwa waliopewa metformini. Hali kama hiyo ilionekana kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza katika utafiti wa DCCT. Miaka sita na nusu ya udhibiti mzuri iliwapunguzia matukio ya moyo na mishipa kwa asilimia 42 miaka mingi baadaye. Mishipa inaweka kumbukumbu, ya mabaya na ya mazuri.

Nikiyaweka pamoja, naona pande zote mbili zinawazungumzia watu tofauti. Mwenye miaka 42 aliyegunduliwa mwaka huu, mishipa yake bado milaini, ana kila sababu ya kuishusha namba mapema na kuishikilia hapo. Mwenye miaka 71 ambaye mishipa ilishakakamaa hawezi kurudishiwa miaka hiyo kwa kurundikiwa dawa. Anachoongezewa haraka ni hatari ya sukari kuporomoka usiku, nayo huutikisa moyo uliokwisha kuumia. Tena uchambuzi wa baadaye wa ACCORD ulionyesha kuwa vifo vya ziada havikuwa kwa wale ambao namba yao ilishuka upesi. Vilikuwa zaidi kwa waliosukumwa na dawa, na namba ikagoma kushuka. Hilo lilipaswa kubadilisha kabisa namna tunavyomkaripia mgonjwa ambaye sukari yake haishuki. Huenda mwili wake unatuambia tupunguze kasi.

Kipimo chenyewe nacho kina mipaka. Upungufu wa madini ya chuma unaweza kukipandisha, na kwa anayebeba kinasaba cha selimundu kinaweza kusoma chini ya hali halisi. Pia HbA1c 7.0 ni wastani. Haielezi kama sukari ya mtu ilikaa palepale kila siku au ilikuwa ikipanda na kuporomoka.

Utafiti ninaourudia zaidi ni mdogo, Steno-2 wa Denmark, wenye wagonjwa 160 tu. Wao hawakushughulikiwa sukari peke yake. Presha, lehemu, sigara, chakula na mazoezi vilikwenda pamoja, na matukio ya moyo na mishipa yakapungua kwa karibu nusu. Hakuna kilichonishawishi zaidi ya hicho.

Baada ya usiku ule daktari alipunguza dawa moja ya mjomba, akamwekea lengo la chini ya 8. Akaigeuza ile karatasi na kuandika kwa kalamu nyuma yake: presha, lehemu, figo, kila moja na namba yake. Karatasi ya mwezi uliopita inasoma 7.6. Mjomba hakuifurahia. Aliitazama kwa muda, akaigeuza, akaanza kusoma upande wa nyuma.