Dizeli au petroli Malindi: kombe la Le Mans halikupeleki Watamu

Pale stendi ya tuktuk Malindi utasikia milio miwili. Piaggio ya dizeli, silinda moja, hugonga kama nyundo juu ya bati na kutetemesha kioo cha pembeni hata ikiwa imesimama tu. Ya petroli, iwe TVS au Bajaj, mlio wake ni mwembamba, karibu na wa pikipiki. Mwenye Piaggio atakwambia yake hunywa kidogo na hubeba abiria watatu na gunia la nazi bila kuguna. Mwenye TVS atakwambia yake fundi yeyote wa chini ya mwarobaini anaifungua, na plagi inauzwa kila duka la spea. Hakuna muongo hapo. Kila mmoja anaeleza kazi yake.

Ubishi ukihamia kwenye magari, ushahidi huanza kuagizwa ng'ambo. Mashabiki wa dizeli hutaja Le Mans, mbio za magari za saa 24 za Ufaransa: Audi R10 TDI, yenye injini ya silinda 12 ya lita 5.5, ilishinda mwaka 2006, dizeli ya kwanza kuchukua zile saa 24, na kuanzia hapo hadi 2014 petroli haikuliona kombe. Audi ililibeba mara nane, Peugeot 908 mara moja, 2009. Kisha huja Dakar, mbio ndefu za jangwani: Volkswagen, Mini na Peugeot, dizeli tupu kuanzia 2009 hadi 2018. Wa petroli hujibu kwa Safari Rally: Shekhar Mehta mara tano na Datsun, Ian Duncan na Celica mwaka 1994, na tangu mbio zirudi kwenye ubingwa wa dunia, 2021 hadi 2025, ni Toyota Yaris mwaka baada ya mwaka.

Tarehe zote hizo ni sahihi. Kosa liko kwenye matumizi yake. Matokeo ya mbio hueleza kwanza kanuni ziliandikwaje, ndipo yaeleze injini. Le Mans ya wakati ule iliruhusu dizeli yenye tabo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) kufika lita 5.5, huku petroli yenye tabo ikiishia lita 4. Kwa kuwa lita moja ya dizeli ina nishati takriban asilimia 10 zaidi ya lita ya petroli, gari la dizeli lilikuwa likipita sheli likiwa na akiba ambayo mwenzake hana. Waandaaji waliliona hilo, na mwaka 2007 wakapunguza tangi la dizeli kutoka lita 90 hadi 81. Ilishinda vilevile. Kwa hiyo ubora wa dizeli kwenye mbio ndefu za mwendo wa moto ni wa kweli, ila ukubwa wake ulipangwa mezani. Audi yenyewe iliondoka Le Mans mwishoni mwa 2016, mwaka mmoja baada ya kashfa ya Volkswagen ya kudanganya vipimo vya moshi wa dizeli.

Na kwa nini rali ni ya petroli? Dizeli huwashwa na mgandamizo, hewa ikibanwa mara 15 hadi 18, ilhali petroli nyingi hubanwa mara 9 hadi 11. Ili kuhimili hilo, bloku, pistoni na kranki lazima ziwe nene, na uzito wote huo huangukia ekseli ya mbele. Ukiingia kona kwa kasi kwenye murramu, pua inakataa kugeuka. Zaidi ya hapo nguvu ya dizeli iko kati ya mizunguko 1,500 na 3,500 kwa dakika; ikikaribia 4,500 imekwisha, dereva anatafuta gia nyingine wakati mwenzake wa petroli bado anavuta. Kwenye mchanga wa Dakar kasoro hiyo hiyo inageuka faida: unapanda tuta kwa mizunguko michache, gurudumu halichimbi, na hatua ya kilomita mia kadhaa inahitaji lita chache za kubeba.

Mwenye mapenzi ya mbio anayetaka kuandaa gari lake mwenyewe hapa Pwani, basi, jibu lake ni petroli na halina mjadala mrefu. Ila ajihadhari na mashine za tabo kutoka Japani, Subaru STI na Mitsubishi Evo. Zilipangwa kwa mafuta ya huko ya okteni (kipimo cha petroli kuhimili mgandamizo bila kulipuka mapema) takriban 98 hadi 100. Kwa super ya sheli zetu, iliyo chini ya hapo, na joto la Malindi la mwezi wa Machi, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati na injini kugonga. Kompyuta hurudisha muda wa cheche nyuma, nguvu inapotea. Ukilazimisha, pistoni hupasuka kwenye kingo za ringi. Dawa ni kupangwa upya kwa mafuta ya hapa na kupunguza presha ya tabo, kabla ya kufikiria ekzosi kubwa ya kelele.

Sasa tuje kwa gari la kila siku, ambako ndiko pesa zinakopotea. Mazda CX-5 ya dizeli, lita 2.2, ni gari tamu: inavuta, na lita yake inakwenda mbali. Lakini ina chujio la masizi kwenye ekzosi, na chujio hilo hujisafisha kwa kujichoma. Ili masizi yaungue, joto lazima lifike karibu nyuzi 600, na likae hapo dakika 15 au 20 gari likiwa kwenye mwendo wa kutulia. Mtu wa Malindi anayetoka nyumbani hadi sokoni, sokoni hadi shuleni, kilomita tatu tatu, hafiki. Kompyuta hujaribu kwa kumwaga dizeli ya ziada ndani ya silinda baada ya mlipuko. Gari likizimwa katikati, dizeli hiyo huteremka kwenye kuta za silinda hadi kwenye oili. Oili ikachanganyika, ikawa nyepesi, na kiwango kikapanda badala ya kushuka.

Vuta dipstiki ya gari hilo uitazame vizuri. Juu ya alama ya kujaa kuna alama ya X. Oili ikifika X, hakuna cha kusubiri kilomita 5,000: imwage siku hiyo. Wengi hufurahi kuona oili "haipungui", na ndio hao hao wanaoua tabo na beringi. Wengine huenda kulitoboa chujio na kuidanganya kompyuta. Gari linapona, moshi unarudi kwa jirani. Njia ya bei nafuu zaidi ni mara moja kila wiki kulitoa kwenda Kilifi bila kusimamasimama. Na kama huna safari ya kwenda Kilifi, hukuwa na haja ya dizeli.

Dizeli za zamani zaidi, mfano injini ya Toyota 1KD ya lita 3 iliyo kwenye Prado na Hilux, nyingi hazina shida hiyo ya chujio. Zina yao. Chini ya kila nozeli, ile inayonyunyiza dizeli ndani ya silinda, kuna washa ya shaba, yaani ringi bapa inayoziba moto wa silinda. Ikichoka, gesi na masizi hupenya hadi chini ya kifuniko cha valvu, oili inakuwa lami, na lami huenda kuziba chujio la waya linalonyonya oili chini kwenye sampu, bakuli la oili la injini. Taa ya presha ya oili huwaka, na mara nyingi wakati huo beringi zimekwishalika. Washa yenyewe ni kitu kidogo mno. Nozeli zikifunguliwa kwa sababu yoyote, washa mpya ni lazima, na tundu lake lisafishwe hadi chuma king'ae.

Halafu kuna maji. Pwani hewa ni nzito, tangi lililo nusu usiku hutoa jasho, na mafuta ya mitungi kwenye njia ya Garsen na Witu hayajulikani yalilala wapi. Petroli yenye maji kidogo itakohoa, utamwaga tangi, maisha yataendelea. Dizeli ya kisasa inasukumwa kwa presha ya baa 1,600 na zaidi, na kinacholainisha pampu ni dizeli yenyewe, maji hayalainishi. Pampu ikikwaruzwa, vumbi la chuma husafiri hadi nozeli zote nne. Mafuta ya taa yaliyochanganywa hufanya vivyo hivyo polepole. Kwa ajili ya mchezo huo, serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, ili bei yake isimtie mtu tamaa. Kwa hiyo fungua skrubu ya chini ya filta ya dizeli mizunguko miwili kila mwezi, chombo safi chini yake, pampu ya mkono juu, hadi yatoke mafuta safi yasiyo na ukungu wala matone yanayozama.

Petroli nayo si malaika wa Pwani. Chumvi hula soketi za koili zinazopeleka umeme kwenye plagi, gari likaanza kukosa silinda moja asubuhi zenye unyevu. Injini zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda hujenga kaboni kwenye valvu za kuingizia hewa, maana hakuna tena petroli ya kuziosha. Kutu ya chesisi na mirija ya breki haibagui mafuta. Osha chini ya gari kwa maji ya mfereji, sio ya kisima, kwani visima vingi vya mjini vina chumvi yake.

Hesabu sasa. Tuseme Prado ya petroli lita 2.7 inakwenda kilomita 8 kwa lita, ya dizeli 10. Tuseme pia super ni shilingi 180, dizeli 170. Kwa kilomita 20,000 kwa mwaka ni shilingi 450,000 dhidi ya 340,000. Akiba ya 110,000 si haba, ila seti ya nozeli mpya yaweza kuimeza yote. Kwa kilomita 8,000 akiba inashuka hadi 44,000. Na kabla hata ya kuondoka bandarini, ushuru wa bidhaa wa gari la abiria hufika asilimia 35 dizeli ikizidi cc 2,500, wakati petroli hufika hapo ikizidi 3,000. Prado ya dizeli ya 2.8 imekwishaumia, ya petroli ya 2.7 hulipa 25. CX-5 haiguswi na tofauti hiyo.

Kwa maoni yangu, anayezunguka Malindi, Watamu na Mambrui achukue petroli isiyo na tabo, na Probox yenye injini ya 1NZ haimshindi mtu yeyote. Anayepeleka mzigo Mokowe, kilomita zaidi ya 200, au anayeingia Tsavo kwa Sala Gate na gari lililojaa, dizeli itamlipa. (Ng'ambo ya Mokowe, Lamu yenyewe, punda hana ubishi huu.)

Ukiamua dizeli, nenda kuikagua asubuhi, na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa boneti: iwe baridi. Fungua kifuniko cha oili, pitisha kidole kwa ndani. Ukitoa utando mweusi unaonata, uliza nozeli ziliguswa lini mara ya mwisho. Piga stata. Moshi mweupe wa sekunde chache hauna neno. Ukiendelea hadi dakika mbili, na injini inatikisika kama ile Piaggio ya stendini, mrudishie ufunguo.