Peke Yako Milima ya Alps: Mwenzi wa Njiani Anakulinda au Anakuponza?

Anayetaka kupanda Kilimanjaro hapati nafasi ya kujiuliza kama aende peke yake. Kanuni za hifadhi zinamtaka awe na kiongozi, na pamoja na kiongozi huja wapagazi na mpishi. Alps mambo ni tofauti. Kwenye Tour du Mont Blanc, njia ya takriban kilomita 170 inayouzunguka mlima Mont Blanc kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi, hakuna lango wala kibali. Unashuka Les Houches, kijiji cha Ufaransa, unajitwika mkoba, unaanza kupanda. Wengi huenda peke yao, na katika siku 10 au 11 za mzunguko huo ni wachache wanaomaliza bila kutembea na watu waliokutana nao njiani.

Je, wanafanya vyema? Kuna wanaoshikilia kwamba mwenzi wa njiani ni kinga bora kuliko kifaa chochote utakachobeba. Wengine hujibu kwamba aliyetoka peke yake na abaki peke yake, maana watu wanne wasiojuana huingia penye hatari ambapo kila mmoja wao, angekuwa pekee, angegeuka. Mimi naona kila upande una haki katika sehemu yake ya njia, na maafa hutokea pale kanuni ya sehemu moja inapohamishiwa nyingine.

Tuanze na sababu inayofanya urafiki uwe rahisi kule. Ni vibanda vya kulaza wasafiri mlimani. Vinaitwa vibanda, lakini vingi ni majengo ya mawe yanayolaza watu kwa makumi. Ukifika unavua buti mlangoni, unavaa ndara za pale, unaripoti kwa mtunzaji naye anakuonyesha godoro lako katika chumba cha pamoja. Blanketi lipo, shuka lililoshonwa kama mfuko unakuja nalo mwenyewe, na bila hilo huenda ukalazimika kununua au kukodi. Chakula cha jioni ni kimoja kwa wote na kwa wakati mmoja, kwa kawaida saa 12:30 au saa 1:00 jioni. Mtunzaji ndiye anayepanga nani akae wapi, na waliokuja peke yao huwaweka meza moja. Bakuli la supu linapita mkono kwa mkono, kila mtu anampakulia jirani yake. Aliyekulia kwenye sinia hatahitaji kufundishwa adabu za meza hiyo.

Wawili waliokuja pamoja mara nyingi huongea wao kwa wao usiku mzima. Aliye peke yake huongea na yeyote. Ana faida nyingine pia: kati ya katikati ya Juni na katikati ya Septemba, vibanda vinapofunguliwa, vitanda huisha miezi kadhaa kabla, lakini kitanda kimoja kilichoachwa na mtu aliyeahirisha hupatikana hata pale wawili wanapokosa.

Sasa usalama, ambao ndio hoja nzito ya wanaotetea kutembea pamoja. Hatari ya kawaida ya njia hii ni kifundo cha mguu kuteguka au kuteleza kwenye mabaka ya theluji, na hali ya hewa kubadilika ghafla. Mtu aliyeumia mguu kwenye mita 2400, amelowa na upepo unavuma, hupoteza joto la mwili hata kama ni Julai. Akiwa peke yake ana filimbi na tochi: ishara sita ndani ya dakika moja, dakika moja ya kimya, kisha sita tena, mpaka ajibiwe kwa ishara tatu kwa dakika. Simu ikishika mtandao, 112 inapokelewa nchi zote tatu. Upande wa Uswisi njia yote imo katika jimbo la Valais, ambako namba ya dharura ya matibabu ni 144. Lakini katika mabonde ya ndani, kama lile la Les Chapieux, mtandao ni wa kubahatisha.

Akiwa na mwenzake mambo hubadilika kabisa. Mmoja anamvika majeruhi nguo zote kavu, anamkalisha juu ya mkoba asiguse ardhi, anaandika mahali walipo kama simu inavyoonyesha, kimo, saa ya ajali na aina ya jeraha, kisha anakwenda kuita msaada. Wakiwa watatu ni bora zaidi, kwa kuwa majeruhi habaki peke yake. Helikopta ikija, mmoja ananyoosha mikono yote miwili juu kwa umbo la herufi Y kumaanisha "tunahitaji msaada". Mkono mmoja juu na mwingine chini maana yake hamhitaji, na rubani ataondoka. Watu wanaopunga mkono mmoja kwa furaha ya kuiona helikopta wajue hilo.

Yote hayo ni kweli, na mtu anayeyapuuza hajaitafakari milima. Hata hivyo hoja hiyo inachukulia kwamba wenzi wanatembea pamoja kwa mwendo unaowafaa wote, na hapo ndipo inapoanza kuvuja.

Chukua siku ya kutoka Les Chapieux, karibu mita 1550, hadi Col de la Seigne, mita 2516, kipito (njia inayopenya kati ya vilele) kinachoingiza Italia. Kupanda ni takriban mita 965. Anayepanda mita 400 kwa saa anafika juu kwa saa mbili na dakika 25. Anayepanda mita 300 kwa saa, mwendo ambao wengi hupangia safari zao, anahitaji saa tatu na dakika 13. Hiyo ni tofauti ya dakika 48. Wa haraka akisubiri kipitoni, jasho linapoa kwenye fulana na upepo wa Seigne unamgandisha. Wa taratibu, kwa kuona haya kuwachelewesha marafiki wa jana, haachi kutembea ili anywe maji, hali chochote, haongezi wala kupunguza nguo. Saa sita mchana magoti yanatetemeka, na mteremko bado. Ajali ya kuteleza inaweza kuanzia kwenye uchovu wa namna hii, ambao chanzo chake ni adabu tu.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi: uamuzi hubaki bila mwenyewe. Jioni kwenye kibanda cha Refuge de la Croix du Bonhomme, mita 2443, mezani hutokea swali lile lile. Kesho tushuke Les Chapieux kwa njia ya kawaida, au tukate kupitia Col des Fours, mita 2665, ambako ni kufupi na mandhari ni nzuri zaidi? Col des Fours hushika theluji hadi Julai, na asubuhi mapema theluji hiyo ni ngumu kama kioo. Mezani mmoja anasema aliwahi kuipita, mwingine anasema ameona nyayo, wa tatu hana meno ya chuma ya kufunga kwenye buti lakini hataki kuonekana mwoga. Wanaenda. Hakuna aliyeamua, kila mmoja amemfuata mwenzake.

Mtafiti wa Marekani Ian McCammon alichambua ajali 715 za maporomoko ya theluji zilizotokea nchini humo kati ya mwaka 1972 na 2003. Miongoni mwa mitego ya akili aliyoieleza ni kumfuata anayeonekana mjuzi kuliko wote, hata kama ujuzi wenyewe ni umri au kujiamini, na kuongeza ujasiri kwa sababu watu wengine wapo. Zile zilikuwa ajali za theluji, si za njia za kiangazi, kwa hiyo takwimu zake hazihamishiki moja kwa moja. Tabia ya binadamu inahamishika. Wahenga walikwisha kuonya, usisafirie nyota ya mwenzio, na ile "wengi wape" tunayoitumia vikaoni haina kazi penye theluji.

Liko pia jambo dogo ambalo hutokea kimyakimya: vifaa. Aliye peke yake hubeba kila kitu kwa sababu hana wa kumtegemea. Akipata wenzi wawili, siku ya tatu anaacha kuangalia ramani, ya nne anasahau kujaza maji kwa kuwa fulani ana chupa kubwa. Kundi la watu watatu linaweza kufika penye ukungu likiwa na simu moja yenye chaji.

Kwa hiyo njia igawanywe. Kwenye njia zenye alama, zisizo na theluji wala ngazi, kutembea na wageni ni faida tupu: bonde la Ferret upande wa Italia, kutoka mji wa Courmayeur hadi kibanda cha Rifugio Bonatti, au upande wa Uswisi kutoka kijiji cha La Fouly hadi kijiji cha Champex. Penye njia mbili za kuchagua, kila mtu aamue jioni ya siku iliyotangulia, kabla ya mazungumzo ya meza, na amuulize mtunzaji wa kibanda hali ya theluji na radi za mchana. Neno la mtunzaji lina uzito kuliko la meza nzima. Champex ni mfano mwingine: kipito cha Fenêtre d'Arpette, nacho mita 2665, kina uwanja wa mawe makubwa na mteremko mkali kuelekea kijiji cha Trient, wakati njia ya Bovine kimo chake cha juu ni karibu mita 2000 tu. Rafiki akichagua Arpette nawe ukachagua Bovine, mtakutana Trient jioni na urafiki haujapungua kitu. Vivyo hivyo ngazi za chuma zilizo juu ya kijiji cha Tré-le-Champ: ukiziogopa, zungukia kipito cha Col des Montets. Na kama mnazipanda wote, mmoja mmoja. Fimbo au jiwe likidondoka humpata aliye chini.

Mkikubaliana kuandamana, yasemeni matatu kwa sauti kabla ya kuondoka: mtasubiriana wapi (kwenye zizi au ukuta unaokinga upepo, kamwe si kipitoni), saa ngapi mtageuka kama hamjafika, na kwamba yeyote akisema tugeuke, wote wanageuka bila mjadala. Anayekataa la tatu usitembee naye.

Mwenzi hafuti maandalizi ya makaratasi pia. Msafiri wa Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen, moja inayotosha nchi zote tatu, na bima ya angalau euro 30,000. Soma maandishi madogo: bima nyingi za kawaida hazilipii uokoaji wa mlimani au huweka kikomo cha kimo. Ufaransa kwa kawaida haikutozi kwa uokoaji wa serikali, Uswisi bili inakuja, Italia hutegemea mkoa na sababu ya wito. Beba pasipoti yenyewe, si nakala. Vipito havina askari, lakini basi la kati ya Chamonix, upande wa Ufaransa, na Courmayeur linalopita kwenye handaki la Mont Blanc linaweza kukaguliwa.

Ukibadili mpango ili uwafuate marafiki, pigia simu kibanda ulichokuwa umeweka nafasi. Mtunzaji anayemsubiri mgeni asiyefika wakati radi inapiga hana namna ya kujua kama umelala bonde la pili ukicheza karata au uko chini ya mwamba umevunjika mguu. Anaweza kuwaita waokoaji. Na kitanda chako kimebaki kitupu huku mwingine amerudishwa chini.

Mpaka usiovukika ni barafuto, yaani mto wa barafu unaosogea polepole mlimani. Tour du Mont Blanc yenyewe haiikanyagi, lakini mezani daima yupo atakayesema ana kamba na anajua njia. Kufungana kamba na mtu uliyekutana naye jana ni kumkabidhi uhai wako bila kujua kama aliwahi kumtoa mtu kwenye ufa wa barafu. Mkiwa wawili tu, mmoja akitumbukia, mwingine lazima amzuie na kujenga nanga ya kushikilia kamba peke yake. Anayetaka barafu aende Chamonix, ambako Compagnie des Guides, chama cha viongozi wa milimani, kipo tangu 1821, akodi kiongozi mwenye leseni, na amwalike yule rafiki wa mezani wagawane gharama.