Deni la Venice na msalaba uliopotea njia

Novemba 1202 wakazi wa Zara, mji wa Kikatoliki kwenye pwani ya Adria (leo unaitwa Zadar, huko Kroatia), walitundika misalaba kwenye kuta zao. Waliouzingira mji nao walikuwa wameshona misalaba kwenye mavazi yao. Mji ulitekwa na kuporwa. Mimi ni Mkristo, na kila nikisoma habari hii nikafika kwenye ile misalaba ya ukutani, naweka kitabu chini kwanza.

Tumezoea kusikia kwamba Vita vya Nne vya Msalaba viliharibikia Konstantinopoli, mji mkuu wa dola ya Wakristo wa Kigiriki (leo Istanbul). Kwangu mimi vilikuwa vimeharibika kitambo. Papa Innocent III alitoa wito mwaka 1198, shabaha ikiwa kuikomboa Yerusalemu mikononi mwa Waislamu. Mwaka 1201 wajumbe wa makabaila wa Ufaransa wakaafikiana na Enrico Dandolo, mtawala wa Venice, mzee kipofu mwenye akili kali: Venice itayarishe merikebu za watu 33,500, nao walipe marki 85,000 za fedha. Hesabu ile ilikuwa ya majivuno. Hakuna aliyeweza kumlazimisha mtu apitie Venice, na wengi walipanda merikebu kwenye bandari nyingine. Kiangazi cha 1202 walifika kama theluthi tu. Wakuu wakachangishana, hadi vyombo vyao vya mezani vya dhahabu na fedha vikabebwa kupelekwa kwa Dandolo. Bado zilipungua marki 34,000.

Dawa ya deni ni kulipa. Dandolo akawapa njia ya kuahirisha: tusaidieni kuirudisha Zara mikononi mwetu, deni litasubiri. Zara ilikuwa chini ya mfalme wa Hungaria, ambaye naye alikuwa ameweka nadhiri ya msalaba. Papa alikataza waziwazi. Simon de Montfort, kabaila wa Kifaransa, alikataa kuushambulia mji ule, kisha akajitenga na jeshi na kwenda zake Nchi Takatifu. Simsifu kwa yote, maana baadaye alimwaga damu nyingi kusini mwa Ufaransa. Lakini siku ile alithibitisha kwamba kukataa kuliwezekana.

Ndiyo maana sikubali Dandolo abebeshwe mzigo wote. Mji wake ulikuwa umesimamisha biashara ili kuunda merikebu, na alikuwa anadai haki yake. Nawalaumu walioapa. Walijiambia kwamba maji wameshayavulia nguo, sharti wayaoge, na jeshi lisisambaratike. Papa alipowatenga Waveneti na Kanisa, kiongozi wa jeshi, Boniface wa Montferrat, aliizuia ile hati isitangazwe. Nia ya kuficha barua ya Baba Mtakatifu ili safari takatifu iendelee, mimi siielewi.

Kisha akaja Alexios, mtoto wa mfalme wa Konstantinopoli aliyepinduliwa na kutobolewa macho. Aliahidi marki 200,000, askari 10,000 na Kanisa la Wagiriki kumtii Papa, mradi wamrudishie kiti cha baba yake. Walimrudishia mwaka 1203. Hazina haikuwa na fedha hizo, akaanza kuyeyusha vyombo vya makanisa ili alipe. Wananchi wakamchukia, akapinduliwa na kunyongwa.

Machi 1204, kabla hata ya kupanda ukuta wa Konstantinopoli, Waveneti na wenzao waliandikiana mkataba wa kugawana nyara na ardhi za dola nzima. Nikitafuta ushahidi wa tamaa, sihitaji zaidi ya karatasi hiyo. Katika mkesha wa shambulio maaskofu wakahubiri kwamba vita ni vya haki, na makahaba wakafukuzwa kambini ili jeshi liwe safi.

Mji ulianguka Aprili 12 na 13. Uporaji ulidumu siku tatu. Niketas Choniates, ofisa Mgiriki aliyeyaona, ameandika kwamba nyumbu waliingizwa ndani ya Hagia Sophia, kanisa kuu la mji, kubeba mali. Wengine wakateleza kwenye sakafu ya marumaru, wakachomwa visu, damu yao ikachafua kanisa. Kahaba akakalishwa kwenye kiti cha Patriaki, akaimba. Farasi wanne wa shaba walipelekwa Venice na wako huko hadi leo. Mei 2001 Papa Yohane Paulo II aliomba msamaha akiwa Athens, kwa sababu donda hilo halijawahi kupona.

Baldwin wa Flanders, mmoja wa wakuu wa jeshi, akavikwa taji la kifalme ndani ya kanisa lile lile, Boniface akapata Thessaloniki. Waliobaki wakapewa mashamba na vyeo. Nadhiri ya Yerusalemu ilikuwa bado inawafunga wote, hivyo Kadinali Pietro Capuano, mjumbe wa Papa, akawafungulia: wabaki kuilinda dola mpya. Innocent aliposikia, alimwandikia kwa ghadhabu. Barua hiyo ilikuta mashamba yameshagawanywa.