Namba 12 ya JME

Mazungumzo kuhusu JME, msanii wa grime, aina ya rap iliyozaliwa London, hayafiki mbali kabla mtu hajasema kwamba angesaini lebo kubwa, leo angekuwa mbali sana. Mfano unaotolewa ni Stormzy: amemkuta JME kwenye grime, lakini mwaka 2017 albamu yake ikawa ya kwanza ya muziki huo kushika namba moja Uingereza. Wanaoutoa mfano huo husahau kwamba Stormzy naye aliitoa albamu ile kwa lebo yake mwenyewe. Warner, kampuni kubwa ya muziki, walihusika upande wa usambazaji.

Albamu ya JME, Integrity>, iliishia namba 12 mwaka 2015. Kwa wengi huo ndio ushahidi kwamba alijibania. Mimi namba hiyo naitazama kwa jicho jingine. Iliyoifikisha pale ni Boy Better Know, lebo aliyoianzisha mwaka 2005 na kaka yake Skepta, naye msanii wa grime, vijana wawili wa Tottenham, London, wenye wazazi wa Kinigeria. Chati huhesabu mauzo na usikilizaji. Haisemi fedha zimebaki kwa nani. Katika mkataba wa kawaida wa lebo, msanii hupewa fedha za kuanzia, kisha mgawo wake unakatwa kidogo kidogo mpaka deni lile liishe, na mara nyingi gharama za studio na sehemu ya gharama za video zimo humo humo. Mtu anaweza kukaa juu kabisa ya chati huku bado anadaiwa. Aliye namba 12 na lebo ni yake, fedha za kila nakala inayouzwa zinarudi nyumbani.

Tukumbuke pia mazingira. Kuanzia mwaka 2005 Polisi wa London walikuwa na Fomu 696, ambayo waandaaji wa maonyesho walitakiwa kuijaza. Toleo lake la awali liliuliza hata aina ya muziki na asili ya watu watakaohudhuria. Kwa fomu hiyo maonyesho ya grime yalifutwa, na kwa msanii asiye na lebo kubwa, onyesho likifutwa ni mkate umeondoka mezani. JME alikuwa mtangazaji wa filamu fupi kuhusu jambo hilo mwaka 2014. Fomu ikafutwa Novemba 2017. Miaka yote hiyo yeye alikuwa anauza fulana na sidii zake.

Upande wa pili una hoja, na si ndogo. JME alikuwa na mtaji ambao wengi hawana: amesomea usanifu wa kidijitali Chuo Kikuu cha Greenwich, na ana kaka aitwaye Skepta. Kijana mwingine wa Tottenham, asiye na ndugu wala ujuzi wa namna hiyo, akiambiwa ajitegemee anaweza kupotea kabisa. Kwake fedha za lebo zingekuwa kodi ya nyumba na muda wa kuandika mistari.

Hata hivyo, Skepta mwenyewe alipitia njia ya nyimbo za kibiashara na lebo za nje, kisha akarudi. Mwaka 2014 akatoa wimbo That's Not Me akiwa na JME, kwa video ya pauni 80, ikachukua tuzo ya MOBO, tuzo za Uingereza za muziki wenye asili ya watu weusi. Miaka miwili baadaye albamu ya Skepta, Konnichiwa, iliyotolewa na Boy Better Know, ikatwaa Mercury, tuzo ya albamu bora ya mwaka, katika orodha iliyokuwa na albamu ya mwisho ya nyota wa rock David Bowie. Kazi iliyotoka kwenye lebo ya ndugu wawili ndiyo iliyopewa tuzo hiyo, na swali la kama grime inahitaji kulainishwa ili isikike lilipaswa kuishia hapo.

Kinachonisumbua ni albamu ya JME iitwayo Grime MC. Mwaka 2019 JME aliitoa kwa sidii na santuri tu, bila kuiweka kwenye majukwaa ya mtandaoni. Kijana asiye na kifaa cha kuchezea sidii alikosa kuisikia, na naamini hilo lilimpunguzia JME wasikilizaji ambao angewahitaji. Lebo yoyote kubwa ingemzuia. Yeye hakuwa na wa kumzuia, na waliolipia albamu ile walipata kitu cha kushika mkononi, kama alivyotaka.